Barua kwa mwanangu: babu yako alikuwa akitafuta sifuri

Mwanangu,

Sisi huku Kisumu hatujambo. Mvua imechelewa, mama yako anamwagilia sukuma wiki kwa ndoo kila jioni, na goti lake limepoa kidogo. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili naye asikie.

Umeuliza muwapeleke watoto wapi mtakapokwenda Mombasa Desemba kwa siku nne. Kisha mwishoni ukaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni: "Na babu je, ile 1995, kwa nini alikataa kutoka stesheni? Nakumbuka nilikuwa na njaa, watu wote wameshaondoka, yeye anatembea kando ya reli akiinama inama." Hilo nitalijibu kwanza. Ulikuwa na miaka saba, nami miaka yote hii nimedhani ulishalisahau.

Babu yako alikuwa akitafuta sifuri.

Unajua alikuwa mtu wa reli, lakini sidhani niliwahi kukueleza kazi yake hasa. Watu wakisikia reli hufikiria dereva wa treni au karani wa tiketi. Yeye alikuwa kwenye gengi. Aliandikwa 1951, enzi za reli ya Afrika Mashariki, akastaafu 1983 ikiwa ni reli ya Kenya, na karibu miaka hiyo yote aliitumikia kwenye kipande kimoja, kati ya Kibos na Muhoroni. Asubuhi wanatoka kwa miguu na mitaimbo, spana na nyundo. Wanakaza kilicholegea, wanashindilia kokoto chini ya mataruma, yale yanayolaliwa na reli, wanafyeka nyasi. Mvua kubwa ikinyesha milima ya Nandi usiku, maji yanashuka uwanda wa Kano na kulila tuta la reli, nao wanaamshwa gizani. Mikono yake unaikumbuka. Akikushika shavu ulikuwa unakwepa kwa vile ilivyokwaruza.

Sasa, kando ya reli ile kuna vinguzo vyenye namba, na namba hizo ni umbali kutoka Mombasa. Ndivyo ilivyohesabiwa tangu mwanzo. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, reli ikafika hapa kwetu Desemba 1901, maili 582, mahali wazungu walipopaita Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga na karibu 2,500 wakafa, wengi kwa magonjwa, wengine kwa ajali, na wale walioliwa na simba wa Tsavo ambao kila mtu anawajua. Babu yako alizipata habari hizo kwa wanyapara wa zamani, akatusimulia sisi watoto wake taa ikishapunguzwa. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Nakuru. Miaka thelathini na miwili alikaza spana kando ya namba zinazomwambia yuko mbali kiasi gani na mji asioujua.

Alilisema jambo hili mara moja tu, 1994, tulipomaliza matanga ya nyanya yako. Wageni walikuwa wameondoka, tumekaa nje mimi na yeye. Akasema, "Ningependa kuona inapoanzia kuhesabiwa." Hakuomba, alisema tu, akanyamaza. Mimi nikaanza kuweka akiba kwenye chama mwezi uliofuata.

Ndiyo maana tulipanda treni. Ulikuwa ukilalamika, na kaka yako pia, kwamba watoto wa jirani walikwenda kwa basi wakafika siku moja. Sisi tuliondoka Kisumu jioni, tukalala njiani, tukashinda Nairobi kutwa nzima na mizigo, jioni tukapanda nyingine, tukalala njiani tena. Daraja la pili, sote kwenye chumba kimoja, mama yako akigawa mayai ya kuchemsha na chapati alizofunga kwenye kitambaa. Nyinyi mlilala kabla ya Kibos. Babu alikaa dirishani. Nje ilikuwa giza, hakuna anachokiona, lakini alikuwa akisikiliza magurudumu, kichwa amekiinamisha upande. Tulipopita Kibigori akanigusa goti: "Hapa pana taruma bovu, wameliacha." Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Usiku wa pili aliniamsha Mariakani, alfajiri, kunionyesha minazi.

Stesheni ya Mombasa uliyoikumbuka ndiyo ile ya zamani pale kisiwani. Abiria walishuka, wachukuzi wakachukua mizigo, na babu akaanza kutembea kufuata reli kuelekea inakokoma, akichungulia kila kinguzo na kila namba iliyopakwa rangi. Nguzo ya sifuri hakuiona. Mzee mmoja wa stesheni alimfuata akidhani amepotea. Wakasalimiana, babu akamwambia alikotoka, akamfunulia viganja. Yule mzee alivitazama, hakuuliza zaidi, akamshika mkono mpaka pale penye kizuizi cha chuma mwisho wa reli. Akamwambia, "Abiria huishia hapa, baba. Mzigo wenda hadi Kilindini, baharini." Babu yako akaweka kiganja juu ya kile chuma. Akakaa hivyo muda mrefu, mimi nimesimama hatua chache nyuma yake na begi begani, wewe umenishika suruali unalia njaa. Sikuweza kumharakisha. Nisamehe kwa njaa ile, mwanangu. Tulipotoka tulikula mahamri na mbaazi, ukala manne, ukalala mezani.

Mengine ya siku ile si ya kukumbuka sana. Chumba tulichokuwa tumekiagiza kwa barua tulikuta wamepewa watu wengine, tukazunguka na jua la saa sita mpaka tukapata kingine chenye feni isiyozunguka.

Siku ya pili babu alisema anataka kuona huko mzigo unakoishia. Mama yako hakutaka kusikia habari ya feri. Ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu feri ya Mtongwe ilipozama, Aprili 1994, ikaua watu zaidi ya 270, na hofu yake niliiona ya haki, sikubishana naye. Akabaki nanyi. Mimi na babu tukapanda feri ya Likoni, tukavuka, tukarudi, tukavuka tena. Ukiwa katikati ya maji pale, tazama kuelekea bandarini: meli zimepangana, winchi zimeinama juu yake, na siku ile meli moja ilipita mbele yetu ndefu kuliko treni yetu, feri ikaisubiri. Babu alishika kile chuma cha pembeni. Akasema, "Kumbe kila reli niliyoifunga ilishushwa hapa." Basi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitabasamu.

Pwani unaikumbuka mwenyewe, lakini nikuongezee kipande ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa ndani yake. Sisi tumelelewa na ziwa. Maji ya ziwa leo yako pale, kesho yako pale, na mtu akiona kiu anateka anakunywa. Kwa hiyo ulifika ufukweni Bamburi, ukajaza maji viganjani, ukanywa kabla hatujakuwahi. Uso wako! Ulimgeukia babu kama aliyesalitiwa. Kisha mchana maji yakapwa. Babu alichomeka kijiti pale yalipokuwa yakigusa, akakaa chini kukitazama, nawe ukakaa kando yake. Saa nzima mmekaa. Maji yakazidi kurudi nyuma mpaka mawe na majani ya chini yakaonekana, na wavuvi wakawa wanatembea mahali palipokuwa na mawimbi asubuhi. Ukamuuliza, "Babu, nani ameyanywa?" Akakujibu kwa upole kabisa kwamba yatarudi, na kwamba mtangoja muone. Mkangoja. Yaliporudi na kukiangusha kile kijiti ulipiga kelele watu wote wakageuka.

Na kaka yako, siku ya Mji wa Kale. Mama mmoja muuza viazi karai alimwita, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Naye akaenda mbio kumtafutia ndoo ya maji. Kwa watu wa Mvita, yaani Mombasa, njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Yule mama alimkumbatia, akamjazia viazi kwenye karatasi bila kuchukua pesa.

Sasa habari ya Desemba yenu.

Safari yetu hamwezi kuirudia. Tangu 2017 treni ya abiria hupita reli mpya na kuishia Miritini, bara, si kisiwani. Lakini treni pandeni, msiende kwa ndege. Kutoka Nakuru fikeni Nairobi siku moja kabla mlale, kisha mchukue ile ya asubuhi inayosimama vituo vidogo, watoto waone Mtito Andei, Voi na Mariakani mchana kweupe. Tiketi za Desemba huisha mapema sana, nunueni mara tu zinapofunguliwa. Ndani ya Tsavo waambie watazame chini pia, maana reli imeinuliwa kwenye madaraja ili ndovu wapite. Na mahali pengi wataiona ile reli ya zamani, nyembamba, ikienda sambamba nao. Waonyeshe ile.

Siku ya kwanza msiende popote ila baharini. Mtoto aliyeahidiwa bahari hasikii habari za ukuta wa miaka mia nne. Jueni saa za maji kujaa na kupwa, waulizeni wenyeji, na mkae mpaka muone yote mawili. Mkubwa wako atauliza maswali kumi, mdogo atakunywa maji. Mwache anywe.

Fort Jesus nendeni asubuhi, mapema, kabla mawe hayajashika jua. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano aliyeitwa Cairati, na Waomani wakaizingira tangu 1696 mpaka 1698 kabla ya kuitwaa. Wakati wa kuzingirwa huko Wareno walileta meli, Santo António de Tanná, ikazama 1697 pale pale chini ya ngome, na vitu vilivyopandishwa na wapiga mbizi miaka ya sabini vimewekwa ndani. Mpeleke mkubwa pale, umpe muda. Waingereza nao waliigeuza gereza mpaka 1958. Mkitoka, ingieni Mji wa Kale kwa miguu bila kupanga, mkitazama milango ya kuchonga, mnunue mabuyu na kahawa, na mvae nguo za heshima kwa sababu watu wanaishi mle na kuswali mle. Kwa maoni yangu, matembezi hayo ya saa mbili yanazidi hoteli yoyote ya ufukweni.

Mdogo kwa vile anapenda wadudu, mpelekeni Haller Park, Bamburi. Palikuwa chimbo la saruji, jiwe tupu. Kuanzia 1971 wakapanda mivinje, kisha wakaleta jongoo ili wayale majani yake na kuyageuza udongo, na juu ya udongo huo ukaota msitu. Mtoto wa miaka sita ataielewa habari ya jongoo kuliko sisi.

Zile pembe kubwa za ndovu za bandia, zilizosimamishwa barabara ya Moi Avenue, mtazipita mkiwa kwenye tuktuk, inatosha. Feri ya Likoni vukeni, mwenye miguu halipi. Mama yako amesema niandike hivi: vukeni, lakini washikeni mikono. Na ukipata leso nzuri mletee, ile ya 1995 bado anajifunga lakini imekuwa nyepesi kama karatasi.

Siku nyingine zote ziacheni wazi. Waulize watoto kila mmoja anataka kuona nini, na usishangae wakitaja kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Jambo moja ninaloliomba. Shule zikifungwa, waleteni kwangu wiki moja kabla ya safari. Nitawapeleka asubuhi na mapema karibu na gati, reli inapokutana na ziwa, nikawaonyeshe mwisho wa huku. Spana ya babu yao ninayo, imo chini ya kitanda, nitakuja nayo waishike.

Baba yako