Kwenda Bruxelles peke yako, ndugu wakiwa huko

Watu wengi wa Lubumbashi wanaoomba viza ya Ubelgiji wana mtu wao huko: yaya (dada au kaka mkubwa) Ixelles, mjomba Liège, binamu Charleroi. Ndugu huyo mtegemee kwa mambo mawili, kitanda na karatasi ya dhamana. Mengine yote, tangu dosye ya viza mpaka treni ya kutoka uwanja wa ndege, yapange kama mtu asiye na mwenyeji.

Anza na dhamana, kwa sababu ndiyo inayokula muda. Fomu yake ni annexe 3bis; huku kwetu kila mtu anaiita prise en charge. Anayeijaza lazima awe raia wa Ubelgiji au awe na kibali cha kukaa huko bila kikomo. Yaya mwenye kadi ya kurudishwa upya kila mwaka hawezi kukudhamini, hata kama mshahara wake ni mnono, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza mwezi mzima zikisubiri karatasi isiyoweza kutoka. Anayefaa anaipeleka fomu kwenye komini yake pamoja na fishi zake za mshahara za miezi mitatu ya karibuni. Komini ikishathibitisha sahihi, anakutumia karatasi yenyewe, si picha ya WhatsApp, na una miezi sita ya kuitumia kuombea viza. Mweleze pia anachotia sahihi: kwa miaka miwili tangu uingie eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), anabeba pamoja nawe gharama za kukutunza, za matibabu na za kukurudisha nyumbani. Akisita baada ya kuelewa hilo, usimwite mchoyo. Ni deni la kweli.

Asipopatikana mdhamini, onyesha pesa zako mwenyewe. Kipimo cha Ubelgiji ni euro 45 kwa siku ukilala kwa mtu, euro 95 ukilala hotelini. Kwa wiki tatu kwa yaya, hiyo ni euro 945. Na iwe pesa yenye historia: akaunti iliyokuwa tupu kisha ikajaa ghafla juma moja kabla ya kuomba inaonekana kama pesa ya kuazima, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mtoto mdogo zaidi halipi. Ukikataliwa hairudi. Dosye hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu la kawaida ni siku 15, lakini sheria inaruhusu lifike siku 45, kwa hiyo weka miezi miwili au mitatu mbele. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifunike angalau euro 30,000 katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote za kukaa. Tiketi bado usiilipe, reservasyo inatosha.

Ukipanga kulala Bruxelles siku 15 kisha Paris siku 3, viza inaombwa kwa Ubelgiji, kwa kuwa ndiko utakakokaa zaidi.

Sasa majina, maana sisi wenye nom, postnom na prénom tunaumia hapa kuliko wengine. Ndugu anajaza fomu kwa jina la nyumbani, wakala wa tiketi anaruka postnom, benki ina herufi nyingine. Fungua ukurasa wa paspoti wenye picha, tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Katika mstari wa kwanza, ukiruka herufi za mwanzo P<COD, kilicho kabla ya alama mbili << ni jina la ukoo kwa macho ya mashine, kilicho baada yake ni prénom. Mpigie ndugu picha ya mistari hiyo, na kila karatasi iandikwe hivyo hivyo, herufi kwa herufi.

Sababu ya kukataliwa inayorudi mara nyingi ni kwamba haikuonekana kuwa utarudi. Mwaliko mtamu wa yaya hauijibu hoja hiyo. Tena unaweza kuipa nguvu. Inajibiwa na mambo ya Lubumbashi: hati ya kazi na ya likizo yenye tarehe ya kurejea kazini, fishi za mshahara, RCCM (hati ya usajili wa biashara) na karatasi za kodi kwa mfanyabiashara, hati ya parseli (kiwanja), vyeti vya watoto wanaobaki na vya ndoa. Mwanafunzi alete uthibitisho wa kujiandikisha kwa mwaka unaofuata. Ukikataliwa, una siku 30 za kukata rufaa huko Ubelgiji. Lakini kama kilichokosekana ni karatasi tu, dosye mpya iliyokamilika huwa njia fupi zaidi.

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, wengi hupita Addis Ababa au Nairobi. Kumbuka kwamba polisi wa mpaka anakukagua kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen: ukipitia Amsterdam, ni Amsterdam, si Bruxelles. Nakala ya prise en charge, bima, tiketi ya kurudi, anwani na namba ya simu ya ndugu viwe kwenye mfuko wa mkononi. Valizi iliyo tumboni mwa ndege haitakusaidia dirishani. Tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza kusajili uso na alama za vidole mpakani badala ya kugonga muhuri, na mashine inahesabu siku zako: zisizidi 90 katika kila siku 180, wala zisizidi idadi iliyoandikwa kwenye viza.

Kuhusu vyakula, yaya atakutumia orodha ndefu. Nyama na maziwa hayaingii, hata nyama iliyokaushwa. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo ndagala wana nafasi. Sombe (majani ya muhogo) mbichi inahitaji cheti cha afya ya mimea, sawa na karibu kila jani na tunda bichi. Nanasi, nazi na ndizi hazikidai. Kubeba sombe ni kujisumbua bure, kwa sababu inauzwa ikiwa imegandishwa huko Matonge, mtaa wa Wakongo wa Bruxelles, pamoja na makayabu (samaki wa chumvi) na unga.

Ukitua Zaventem, uwanja wa ndege wa Bruxelles, kituo cha treni kiko chini ya uwanja huo huo. Mpaka Bruxelles-Central ni kama dakika 20. Usitupe tiketi, kwa sababu milango ya kituo cha uwanja wa ndege inaidai. Mwenda Liège ajue kwamba Zaventem iko upande wa Waflemi, wasemao Kiholanzi, na ubao unaweza kuandika Luik. Ni mji ule ule. Mjini, metro, tramu na basi za STIB, shirika la usafiri la Bruxelles, hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki.

Ndani ya siku tatu za kazi baada ya kufika, nenda na ndugu yako kwenye komini yake kutangaza kwamba umefika. Anayelala hotelini hana haja, hoteli inamtangaza. Anayelala kwa ndugu ndiye anayesahau.

Nyumbani kwa watu, jifunze mifuko ya taka ya Bruxelles siku ya kwanza: mweupe wa taka za kawaida, wa buluu wa chupa za plastiki na makopo, wa manjano wa karatasi, wa rangi ya chungwa wa mabaki ya chakula. Ukikosea, faini inamwendea mwenye nyumba. Yeye anaamka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo mchana ni wako. Matonge iko metro Porte de Namur, na hapo karibu kuna uwanja wa Patrice Lumumba uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Kwa mtu wa Lubumbashi, ambako Lumumba aliuawa si mbali na mji, nadhani kupita bila kusimama pale ni aibu. Jumba la makumbusho la Tervuren linafikiwa kwa tramu 44 kutoka Montgomery, isipokuwa Jumatatu, siku linapofungwa.

Homa ikikushika huko, mwambie daktari mapema kwamba unatoka Kongo na uombe kipimo cha malaria. Daktari wa Ulaya huanza kufikiria mafua, na malaria haisubiri. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kurudi, weka kadi ya kupandia ndege na muhuri wa kuingia Luano, umpigie mdhamini picha, na uziingize kwenye dosye ya viza ijayo.