Mdogo wangu, chukua nguo zako mkononi

Jumanne usiku niliandikiwa na msichana wa Mtwapa. Ana miaka 24, aliumia uti wa mgongo mwaka jana, na sasa ana miezi minne tangu atoke hospitali. Habari za kutembea tena hakuniuliza. Aliuliza hivi: "Dada, wewe huvaaje nguo? Mimi kila asubuhi huvalishwa na mamangu na shangazi, na wakitoka chumbani mimi hulia."

Nilishindwa kumjibu kwa mistari miwili. Kilio hicho nakijua.

Mimi niliumia 2016. Matatu tuliyopanda ilipinduka njia ya Malindi, na uti wangu ukaumia kwenye pingili ya kumi ya kifua, ile madaktari huiandika T10. Mikono yangu ni mizima. Kuanzia kitovuni kushuka chini sisikii, wala sisogezi. Nalitaja hili mapema kwa sababu aliyeumia shingoni, ambaye hata vidole vyake vimelegea, ana njia yake na vifaa vyake. Asijipime kwangu.

Mwaka wa kwanza nilivalishwa dera, kesho dera, keshokutwa dera. Dera ni jepesi kumpitishia mtu kichwani. Nilipoomba suruali niliulizwa, "Ya nini, wenda wapi?" Siku nyingine nilibadilishwa mlango uko wazi na jirani amekaa sebuleni anakunywa chai. Sikuwa na adui nyumbani kwetu. Mama alikuwa amechoka, dada yangu anawahi kazini, kila mtu anafanya haraka ili siku iendelee. Lakini mwili wangu ukawa kama kazi ya nyumba, inafanywa pamoja na vyombo na kufagia. Mpaka leo nikikumbuka ule mlango, koo hunikaza.

Halafu likaja jambo la jinzi. Ilikuwa posa ya binamu yangu, 2017, nami nikang'ang'ania nivae jinzi kama wasichana wenzangu. Nikavalishwa kwa kuvutwa huku na huku, nikawekwa kitini. Hakuna aliyepitisha mkono chini kunyoosha mkunjo, wala aliyefikiria zile mifuko za nyuma zenye vifungo vya chuma. Nilikaa kuanzia adhuhuri mpaka baada ya isha. Mtu mwenye hisia, mkunjo ukimbana hujisogeza bila hata kufikiri. Mimi haukunikera hata kidogo, basi nyama iliyo juu ya mfupa wa makalio ikakaa saa zote hizo haipati damu. Usiku mama aliona doa jekundu. Alilibonyeza, halikufifia. Baada ya wiki lilikuwa shimo.

Miezi mitatu nililala kifudifudi. Ramadhani ikaingia, ikatoka, Idi nikaisikia kwa dirishani.

Kilichonibadilisha nilikiona Bombolulu, kwenye zile karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza 1969. Nilikuwa nimepona kidonda, mjomba akanipeleka nikapunge hewa. Nikamwona mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu, anashona, amevaa suruali ya kitambaa iliyomkaa vizuri kiunoni, shati limechomekwa, viatu safi. Nikamsogelea nikamuuliza nani amemvalisha. Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimejivalisha mwenyewe," akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kuanzia kesho asiniguse.

Suruali ya kwanza ilinichukua saa moja na dakika kumi. Mama alisimama nje ya mlango muda wote. "Mwanangu, wajitesa kwa nini?" Nilitoka jasho kifuani na usoni tu, maana huku chini jasho halinitoki tena, nikavunja kucha mbili, nikalia. Lakini ilipanda. Leo hunichukua dakika kumi na tano, na najivunia kila moja.

Basi sikiliza ninavyofanya. Nguo huzipanga usiku, upande wa kulia wa kitanda, kwa mpangilio wa kuvaliwa. Asubuhi kabla ya chochote natoa mkojo kwa mpira, ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu, kwa sababu hakuna kinachoudhi kama kumaliza kuvaa kisha ukavua. Halafu kioo cha mkono. Natazama makalio, visigino, vifundo vya miguu. Nikiona doa jekundu lisilofifia nikilibonyeza, sikai juu yake siku hiyo hata kama kuna harusi ya nani.

Kisha nakaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta wenye mto. Mguu mmoja nauinua kwa leso. Leso kuukuu, nimeikunja ikawa mkanda na kuifunga kitanzi mwishoni. Kitanzi nakitia kwenye unyayo, navuta, mguu unakuja juu ya goti la pili. Naingiza chupi na suruali kwa pamoja mpaka gotini, kisha mguu wa pili vivyo hivyo. Miguu ikianza kukaza na kutetemeka naacha, naingoja, siipiganishi. Baadaye nalala chali, najibiringisha kushoto nikivuta upande wa kulia, kulia nikivuta wa kushoto, mara tatu au nne mpaka ifike kiunoni. Nimeshonea vitanzi viwili vya utepe kwenye kiuno cha suruali ili kidole gumba kipate pa kushika. Mwisho napitisha kiganja chini ya makalio yote mawili. Usisahau kiganja. Nimelala miezi mitatu kwa sababu ya kiganja ambacho hakikupita.

Viatu nanunua mitumba Kongowea, namba moja zaidi ya mguu wangu, na kabla ya kuvaa natia mkono ndani. Mara moja nilikuta jiwe dogo. Nikishavaa nakagua vidole visiwe vimejikunja ndani, kwa maana havitanipigia kelele.

Buibui lilinisumbua zaidi ya suruali. Pindo liliingia kwenye gurudumu pale Makadara nikiwa katikati ya watu, likachanika mpaka kiunoni. Sasa fundi wangu hulikata nyuma liishie pale ninapokalia, mbele lifike vifundoni, mikono iwe myembamba yenye lastiki. Nikikaa, hakuna anayejua. Kitambaa nachagua chepesi, hasa kaskazi ikivuma, kwa sababu mwili usiotoa jasho hupata joto na halishuki.

Na nyinyi mlioumia juu zaidi, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda shingoni, nguo inayobana si suala la urembo. Sidiria iliyokaza, mshipi, hata mpira wa mkojo uliojikunja ndani ya suruali unaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu, jasho linatoka juu ya pale ulipoumia. Kaa wima haraka, legeza kila kinachobana, kagua mpira, na isiposhuka kimbilia hospitali. Waambie watu wa nyumbani leo, kabla haijatokea.

Najua wapo watakaosema, kwa nini ujichoshe na watu wa kukuvalisha wapo? Hao hawajawahi kuinuliwa dera mbele ya mgeni. Mama akikuvalisha, ndiye atakayeamua uvae nini. Akiamua uvae nini, ataamua utoke au usitoke. Mimi niliona maamuzi yakinitoka moja baada ya moja, na yalianzia kwenye chupi. Usikubali, mdogo wangu. Hata ukichelewa, hata ukilia, hata shangazi akinuna kwamba umemkataa, usikubali. Wazazi nanyi, fungeni mlango mkae nje. Mtoto akiita, ingieni. Asipoita, msiingie.

Ijumaa iliyopita binamu yule yule alimwoza mdogo wake, Kisauni. Nilianza kuvaa baada ya alasiri, kwa raha zangu, nikiwa na udi unafuka pembeni: gauni la kijani fundi alilolishona likiwa fupi nyuma, mtandio nimeubana kwa pini mbili usifike gurudumuni. Kila nusu saa pale ukumbini nilijiinua kwa mikono, makalio yapate damu, kisha nikaendelea kupiga vigelegele. Niliporudi usiku nilishika kioo. Ngozi ilikuwa safi.

Kesho usianze na suruali. Anza na soksi, umezigeuza mshono uwe nje. Tafuta leso kuukuu, ifunge kitanzi, mwombe mama atoke, utazame saa. Kisha niandikie umetumia dakika ngapi.