Anza na nazi moja

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu. Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mama, nimechoka na ugali maharage, na chipsi zinanimalizia mshahara. Nipike nini?" Salio likakatika kabla sijakujibu, ndiyo nakuandikia.

Nunua nazi. Huko Dodoma zinafika, ila itikise sikioni kabla hujalipa: maji yacheze ndani, na yale macho yake matatu yawe makavu. Ikiwa na unyevu machoni, iache. Mbuzi ya kukunia nazi huna, najua, basi ibandue nyama, uikatekate, usage kwenye blenda kwa maji ya uvuguvugu. Chuja, ukamue. Hilo ni tui zito, liweke kando. Machicha yarudishie maji ukamue tena, hilo ni tui jepesi.

Wengi hukosea hapa, wanayamimina yote chunguni kwa pamoja. Tui jepesi ni la kupikia, tui zito la kumalizia. Mbaazi ulizoloweka usiku zichemshe mpaka ziive kabisa, tia kitunguu, bizari, pilipili mbichi isiyopasuliwa na tui jepesi, uache zitokote. Kisha tui zito, na hapo usitoke jikoni: moto mdogo, koroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke. Ukiliacha litakatika, utabaki na chengachenga na mafuta juu. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa lilinikatikia mbele ya bibi yako, mzaa baba. Hakusema neno, alichukua mwiko akanionyesha. Mkono ule ndio ninaokupa na wewe.

Mchicha, kunde, boga, samaki mkavu, njia ni hiyo hiyo. Hata wali: upike kwa tui jepesi, zito ulitie maji yanapokaribia kukauka.

Sasa vitamu, maana nakujua. Chukua ndizi mbivu, mkono wa tembo kama utazipata, uzipasue kwa urefu, utoe kiini cha katikati. Zichemshe kwa tui jepesi, sukari, iliki ya kutwanga na chumvi kidogo mno. Zikilainika, mwagia tui zito. Ulikuwa ukifuturu nazo hata kabla hujaanza kufunga.

Vitumbua navyo, loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, usage kwa tui zito hadi ulainike kabisa, usiwe na chenga. Tia hamira kijiko cha chai, sukari nusu kikombe, iliki, ufunike mpaka uumuke. Mafuta yawe kidogo kwenye kila tundu, na usivigeuze kabla kingo hazijakauka.

Chuma cha vitumbua nakutumia kwa basi Jumamosi, kile changu kidogo, kimeshazoea moto. Lakini anza na mbaazi. Ukifika kwenye tui zito nipigie, uweke simu karibu na sufuria, tulisubiri wote lichemke.

Mama yako