Bangi ruksa Colorado, mbona renja kaniandikia tiketi?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi niko Denver, wikendi iliyopita tulienda na washkaji mbuga moja ya taifa, renja akatusimamisha akakuta kabangi kidogo kwenye gari yangu, tiketi hiyo. Namwambia Colorado hii ni ruksa, anacheka tu. Mbele kidogo tukapishana na sherifu wa kaunti humohumo mbugani! Sasa pale bosi nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Renja hajakuonea. Colorado walipiga kura 2012 wakaruhusu, sawa, ila hiyo ni sheria ya jimbo, Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, bado wanakataza na ukishavuka geti la mbuga ya taifa uko kwenye ardhi yao. Kichekesho ni bunduki, tangu 2010 kuwa nayo mbugani kunafuata sheria ya jimbo, bangi ndo wamegoma.

Sherifu sasa. Inategemea jimbo liliiachia Washington mamlaka gani ndani ya mbuga. Mbuga ya Yellowstone mamlaka yote yako kwa Washington, hadi mahakama yao iko ndani pale Mammoth, na hiyo ina historia yake, 1894 walimnasa jangili Edgar Howell anaua baisoni, wakakuta hakuna sheria ya kumfunga, wakamfukuza tu mbugani! Bunge likaona aibu, mwaka huohuo sheria ikapita. Kwingine Washington ni kama mwenye shamba tu, mauaji na wizi ni kesi za jimbo, renja anashughulika na kanuni za mbuga. Na kuna mbuga Washington na jimbo wanashirikiana wote wawili, ndo mpango ambao Bunge lilimwagiza waziri wa mambo ya ndani (kwao ndo mwenye mbuga) aukazanie tangu 1976, na mimi naona ndo wenye akili maana mtu akipigwa kisu porini huwezi kuanza kuuliza hapa pa nani, unamwita aliye karibu. Ubaya wake, kosa likigusa sheria zote mbili wanaweza kukushtaki wote, Mahakama ya Juu ilishikilia hilo 2019.

Ila kwako mimi nawaza makaratasi. Kama bado uko kwa grinikadi, hujapata uraia, usikimbilie kuilipa hiyo tiketi mtandaoni, kulipa kunaweza kuhesabika umekiri, na kosa la dawa za kulevya uhamiaji hawalichukulii poa. Muone wakili wa uhamiaji wiki hii, na tarehe ya mahakama isikupite, wanatoa hati ya kukukamata hao.