Imeili zetu za usalama wa mtandao hakuna anayezisoma, tufanyeje?

SWALI: Habari mhariri, mi niko kitengo cha TEHAMA chuo kikuu. Kila mwezi tunatuma imeili ndefu kuhusu usalama wa mtandao, hakuna anayesoma, wanafunzi wanabofya tu linki za matapeli na wahadhiri ndo usiseme. Sasa bosi anataka tuwataje majina wanaonasa ili wengine wajifunze. Unaonaje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hilo la majina liacheni kabisa, tena leo leo. Mtu akiona mwenzake kaanikwa, siku akinasa yeye atanyamaza, na mkishanyimwa taarifa ndo mmekwisha.

Chuo Kikuu cha Maastricht kule Uholanzi, Oktoba 2019 wafanyakazi walifungua linki kwenye imeili za kitapeli, wadukuzi wakaingia kimyakimya wakazunguka kwenye mifumo zaidi ya miezi miwili, tarehe 23 Desemba ndo wakayafunga mafaili na chuo kikalipa bitcoin 30 ili yafunguliwe, karibu euro 200,000 wakati ule. Miezi miwili yote hiyo mlango wa kuwatoa ulikuwa bado upo! Halafu Februari 2020 chuo chenyewe kikasimama hadharani kikaeleza mwanzo mwisho kilichotokea, nawaheshimu sana kwa hilo, na stori kama hiyo watu wataisikiliza kuliko kurasa tatu za kanuni.

Kwa hiyo andikeni fupi, jambo moja kwa ujumbe mmoja, na mtume wakati linapowahusu, kipindi cha usajili onyesheni picha ya imeili feki ya ada iliyowafikia kweli, mzungushie pale anwani ilipokosewa. Wapeni viongozi wa wanafunzi waisambaze kwenye magrupu yao ya WhatsApp, huko ndo wanakosoma. Wahadhiri wafuateni kwenye vikao vya idara, dakika tano zinatosha.

Kama bado mnawalazimisha watu kubadili paswedi kila baada ya miezi mitatu, punguzeni huo mzigo, NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, tangu 2017 inashauri ibadilishwe kukiwa na dalili kwamba imevuja, nguvu zenu pelekeni kwenye uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi pekee haitoshi, mtu athibitishe tena kwa njia ya pili kama simu yake.

Ila kubwa ni njia ya kuripoti. Iwe moja, rahisi, na anayeandika "nimebofya, nimeshaingiza paswedi" ajibiwe haraka, kwa asante kwanza, halafu ndo mambo ya kubadili paswedi na kukagua kompyuta. Bosi akibisha mwulize yeye akinasa angependa atajwe?