Sufuria Mbili Kila Jioni

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tuko mwaka wa pili wa ndoa. Mimi chakula kisicho na pilipili hakinishuki, naye hupenda cha chukuchuku, na mboga chungu haigusi kabisa. Kila jioni ninabandika sufuria mbili, na vyombo vinarundikana. Wiki iliyopita aliisogeza sahani pembeni bila kusema neno, nikalia. Je, nimzoeshe pilipili kidogo kidogo bila yeye kujua, au niendelee kupika mara mbili?

JIBU: Dada yetu, nianze na sahani hiyo, maana naamini ndiyo iliyokufanya ushike kalamu. Mumeo hakukukataa wewe. Alikataa ladha, na ladha nyingine mtu huzaliwa nayo. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alieleza jinsi vumbi la kemikali moja lilivyokuwa chungu mno kinywani mwa mwenzake wa maabara, ilhali yeye mwenyewe hakuonja chochote, na baadaye ikathibitika kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Kwa hiyo mboga ambayo kwako ina uchungu mdogo wa kupendeza, kwake yaweza kuwa shubiri. Pilipili nayo huamsha mishipa ile ile ya fahamu inayohisi joto la moto, hivyo anayesema anaungua hadeki.

Ni kweli kwamba ukali wa pilipili huzoeleka, lakini kwa mtu aliyeamua mwenyewe. Ukimtilia kwa siri, siku atakapogundua ataanza kuitilia shaka kila sahani unayomwandalia, na imani hiyo ni ngumu kuirudisha. Tafadhali usifanye hivyo.

Sufuria mbili hazina lazima. Pika moja, ugawe mwishoni, kwa kuwa pilipili huongezwa lakini haitolewi. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia maharage au nyama, uache viive kwa chumvi ya kadiri. Kabla ya kuepua, pakua fungu lake. Kisha kaanga pilipili yako kando katika kijiko kimoja cha mafuta, uimimine katika fungu lililobaki na ukoroge. Ukali wake huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo utakolea mchuzi wote vizuri kuliko pilipili mbichi iliyokatiwa juu. Mboga chungu jipikie kiasi chako tu.

Mara moja kwa wiki kaeni pamoja mwandike milo, mkianza na ile mnayoipenda nyote wawili, hata ikiwa ni mitatu tu. Siku nyingine zigawaneni, na siku yake yeye ndiye apike. Katika barua yako sikuona mahali ambapo mumeo anashika mwiko, na hilo limenisikitisha kuliko habari ya pilipili. Kinachobaki kiingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu kuepuliwa, kila fungu katika bakuli lake, ili siku ya uchovu kila mmoja apashe anachokipenda.

Jioni ya leo, kabla ya kupakua, mwambie kwamba kilichokuumiza ni kimya chake. Kisha umuulize ni nini hasa kilichomshinda, kama ni ukali, uchungu, au mboga iliyoiva kupita kiasi, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mtakachopika kesho.