Jibu: Tubadilishe "master" na "slave" au tuache?

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kubadilisha majina "master" (hifadhidata kuu) na "slave" (ile inayoifuata) kwenye mfumo wenu wa kompyuta huko Nakuru, ama ni mambo ya Wamarekani tu. Mimi nasema badilisheni, ila msikurupuke.

Nilikuwa mbishi pia. Siku moja hapa Kisumu nikawa namweleza mwanafunzi wa atachimenti jinsi hifadhidata mbili zinavyofuatana, nikatafsiri palepale: "Hii ndiyo bwana, hii mtumwa wake." Kijana akacheka, "Na mtumwa akigoma?" Neno lililokuwa limelala kwa Kiingereza likaamka. Tena halikueleza kazi yenyewe! Ile ya pili ni nakala, inasomwa tu. Jina "replica", yaani nakala, linasema hivyo waziwazi. Django (zana ya kutengenezea tovuti) walibadilisha 2014, Redis (programu ya hifadhidata) wakaanza kutumia "replica" 2018.

"Master" ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), ambayo ni jina la tawi kuu la mradi, hoja yake ni dhaifu kidogo, maana humo hakuna "slave". Lakini tangu Oktoba 2020 GitHub (tovuti inayohifadhi miradi ya Git) huanzisha miradi mipya kwa tawi linaloitwa "main", kwa hiyo ukikataa utapishana na wenzako kila siku.

Amri ya kubadilisha jina la tawi, git branch -m master main, ni ya sekunde moja. Kilichoniumiza mimi ni skripti (programu ndogo) moja ya zamani kwenye seva iliyoendelea kuvuta tawi la "master" lililoachwa, kimyakimya, wateja wakaona bei zilizopitwa na wakati wiki nzima. Kabla hujagusa chochote, endesha grep -rn master (amri ya kutafuta neno ndani ya faili) kwenye folda yote, hata zile faili zinazojiendesha usiku ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziandika.